Muhula Una Wiki 17: Afya ya Mwanafunzi wa Chuo Hupotelea Wapi

Mwulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili, awe chuo cha Makerere, Kyambogo au Gulu nchini Uganda, kama mboga za majani zina faida mwilini. Atakujibu kabla hujamaliza swali. Habari za usingizi anazijua, za kondomu anazijua, hata sukari iliyomo kwenye soda anaijua. Amefundishwa tangu shule ya msingi, na mabango ameyasoma mpaka yamechuja rangi. Hata hivyo saa tano usiku utamkuta Wandegeya, mtaa wa jirani na Makerere, kasimama mbele ya mkaanga chapati, mkononi ana kinywaji cha kuongeza nguvu, na tangu asubuhi hajatia kitu tumboni.

Ndiyo sababu kampeni nyingi za afya vyuoni huishia kwenye fulana na picha. Zinamwongezea mtu elimu ambayo tayari anayo. Vinavyomwangusha ni vitu vingine vitatu: jinsi pesa yake inavyoingia na kuisha, jinsi ratiba ya chuo ilivyokaa, na chumba anacholala. Tabia njema isiyoenea ndani ya hivyo vitatu haimalizi wiki mbili, hata mwenyewe awe na nia namna gani. Kwa hiyo makala hii haitaanza na mboga. Itaanza na pesa.

Pesa ya wiki 17 huvuja wiki mbili za kwanza

Muhula katika vyuo vingi vya Uganda, Makerere ikiwemo, ni wiki 17: 15 za masomo na 2 za mitihani. Pesa ya matumizi huja kwa mkupuo, mara nyingi siku ya kuripoti. Tuseme mwanafunzi amepewa shilingi 600,000 za chakula. Akizigawa sawasawa anapata kama 35,000 kwa wiki, yaani 5,000 kwa siku. Lakini wiki mbili za kwanza ni za kuonana na marafiki, kuku wa kuchoma na boda za huku na huku. Akitumia 100,000 katika kila moja ya wiki hizo, anabaki na 400,000 za wiki 15. Hiyo ni shilingi 3,800 kwa siku, na hapo hajaugua, hajachapisha kazi ya darasani, wala hajanunua bando.

Mlo basi unaharibika katika kipindi kibaya kuliko vyote. Wiki ya 12 hadi ya 17, wakati kichwa kinatakiwa kufanya kazi mara mbili, ndizo wiki za chai kavu mchana na kikomando kimoja (chapati iliyokatwa na kuchanganywa na maharage) usiku. Mwanafunzi analalamika kwamba vitabu vimemchosha, kumbe ana njaa.

Dawa ya hili ni kuigeuza sehemu ya pesa kuwa chakula kikavu kabla haijapata miguu. Kwa mtu mmoja anayepika mara tatu kwa wiki, kilo 8 za unga wa mahindi na kilo 5 za maharage zinatosha muhula mzima: sahani moja ya posho (ugali) hula gramu 150 hadi 200 za unga, na kilo moja ya maharage makavu hutoa sahani nane hadi kumi. Ongeza kilo 2 za karanga, kilo 3 za mchele, kilo 1 ya mukene (dagaa) mkavu na lita 2 za mafuta. Nunua sokoni, si kwenye kiduka cha hosteli, na nunueni wawili au watatu pamoja ili mpate bei ya jumla.

Maharage yana adui yake, wale wadudu wadogo wanaoyatoboa na kuyaacha unga. Yakae kwenye chupa za plastiki za maji zilizokauka kabisa ndani, zijazwe hadi shingoni na kufungwa kwa nguvu. Wadudu wakikosa hewa hawazaliani. Gunia lililoachwa wazi chini ya kitanda linaweza kuharibika kabla ya mitihani ya kati. Karanga nazo zinunuliwe nzima, zichambuliwe kwa mkono, na zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe bila huruma: ukungu huo hutengeneza sumu ya aflatoksini inayoharibu ini, na moto wa jikoni hauimalizi. Karanga zilizokwisha kusagwa huwezi kuzichambua, kwa hiyo hujui unachokula.

Pesa inayobaki iwekwe mahali penye usumbufu kuitoa. Wengine humwachia mama au dada nyumbani aitume kila Jumatatu. Wengine huiweka kwenye laini ya pili isiyokaa kwenye simu ya kila siku. Usumbufu mdogo unafaa kuliko ahadi kubwa. Na hapa kuna jambo ambalo wasemaji wa afya hulikwepa: kubeti. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kushiriki, yaani karibu wanafunzi wote wa shahada ya kwanza. Ukweli wa mitaani unaonekana kwa macho. Anayetaka kujua kwa nini kijana fulani hali chakula cha mchana, asiulize kuhusu lishe tu. Aulize na kuhusu mechi za Jumamosi.

Roleksi isionewe

Roleksi, yaani mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati, imekuwa mtuhumiwa mkuu wa kila mhadhara wa lishe, na kwa maoni yetu inaonewa. Yai moja lina kama gramu 6 za protini. Mayai mawili, nyanya, kitunguu na kabichi ndani ya chapati moja ni chakula halali. Kinachoiharibu ni mambo matatu. La kwanza ni mafuta: kijiko kimoja cha mezani kina takribani kalori 120, na mkaangaji mwenye haraka humimina mara tatu, mara ya chapati, mara ya mayai, mara ya kupasha. La pili ni chapati ya pili, inayoongezwa kwa sababu mtu amekaa saa kumi bila kula. La tatu ni kwamba inaliwa kila siku, na saa ambayo mwili unataka kulala. Mwambie mpishi mapema: "Kaka, chapati moja, mayai mawili, kabichi nyingi, mafuta kidogo." Hakuna atakayekushangaa, wewe ni mteja wake na anakupikia mbele ya macho yako. Chumvi aliyokwisha kutia kwenye yai inatosha, usiongeze juu, maana kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai.

Kikomando ni bora kuliko jina lake. Maharage yana protini na nyuzinyuzi, bei yake ni ndogo, na ukiongeza nusu ya ovakado umepata mafuta mazuri kwa pesa kidogo. Kinachokosekana ni kitu kibichi au cha kijani. Mboga za majani kama dodo, nakati na sukuma ziko kila soko la Kampala, na fungu moja likikatwa na kupikwa dakika tano kwa nyanya na kitunguu linatosha watu wawili. Lengo la kimataifa ni gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa lugha ya hosteli hiyo ni ndizi mbivu mbili, kipande cha papai au embe, na kikombe kimoja cha mboga zilizopikwa.

Jambo moja linawahusu zaidi wasichana, kwa sababu hedhi huwapotezea madini ya chuma kila mwezi. Chuma kilichomo kwenye maharage na mboga hakifyonzwi vizuri chenyewe. Kinahitaji vitamini C, na nyanya mbichi au kipande cha chungwa au limau kwenye mlo huohuo hufanya kazi hiyo. Chai ikinywewa pamoja na chakula hufanya kinyume, huzuia chuma kisiingie. Chai isogezwe, inywewe saa moja baada ya kula. Ni badiliko lisilogharimu hata shilingi.

Kifungua kinywa ndicho kinachokufa kwanza, maana kipindi cha saa mbili asubuhi hakimsubiri mtu anayepika katogo (mchanganyiko wa matoke). Anayeamka na dakika kumi tu apike uji wa ulezi: vijiko vitatu vya mezani vya unga vikorogwe kwenye maji baridi kwanza ili visifanye madonge, kisha vimiminwe kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka. Asiye na dakika kumi aache usiku mezani ndizi mbili na kiganja kimoja cha karanga zilizokaangwa, kama gramu 30. Zikiwa mezani zitaliwa njiani. Zikiwa kabatini hazitaliwa.

Kupika chumbani bila kuua mtu

Hosteli nyingi zinakataza kupika, na wanafunzi wanapika. Tuseme ukweli huo kisha tuseme kinachoua. Sigiri ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu huhisi kichwa kinauma na usingizi unamlemea; akilala, anaweza asiamke. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Sigiri ikae nje, barazani au uani, hata mvua ikinyesha, na isirudishwe ndani kupasha chumba joto. Koili za umeme zenye waya mwembamba, zilizochomekwa nne kwenye soketi moja ya kuunganisha, huanzisha moto; soketi ikishikwa kwa mkono ikawa ya moto, mzigo umezidi.

Maharage yanahitaji kuelezwa kwa undani. Yalowekwe usiku kucha, saa 8 hadi 12, na maji hayo yamwagwe. Kisha yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Sababu ni kwamba maharage mekundu yana sumu ya asili iitwayo lektini, inayoharibiwa na mchemko kamili tu. Koili dhaifu inayoyapasha polepole bila kuyachemsha huyalainisha na kuiacha sumu ndani, na saa chache baadaye mlaji anatapika na kumlaumu muuza nyanya.

Wali ni hatari kwa njia nyingine. Ukiachwa mezani usiku kucha, vijidudu vilivyosalia baada ya kupikwa huzaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Bila friji, pika wali wa mlo mmoja. Ndiyo maana tunapendelea kikundi cha kupika cha watu wanne: kila mtu ana siku yake, sufuria moja, kinachopikwa kinaisha usiku huohuo. Kikundi huvunjika kwa sababu mbili zinazojulikana, anayekula bila kuchangia na anayeacha sufuria chafu. Kubalianeni mwanzoni kwamba aliyekosa zamu yake mara mbili analipia mkaa wa wiki, na anayepika haoshi vyombo.

Maji na yanayoingia baada ya kuchemshwa

Mapema mwaka 2015 Kampala ilikumbwa na mlipuko wa homa ya matumbo, na maji machafu na vinywaji vya mitaani vilikuwa kiini cha tatizo. Kuchemsha kunatosha. Kampala iko juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,200, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na bado vijidudu hufa. Yafikie mchemko wa mapovu makubwa kwa dakika moja. Perikoleta, yaani birika la umeme, inafanya kazi hiyo, ilimradi isijizime kabla ya dakika hiyo kuisha.

Kosa huja baadaye. Maji yaliyochemshwa humiminwa kwenye ndoo, na kila mgeni anachovya kikombe pamoja na vidole vyake. Tumia jeriken ya shingo nyembamba au chombo chenye bomba, kifuniko kikae, na kioshwe kwa sabuni kila wiki. Juisi ya matunda na munanasi (kinywaji cha nanasi) ya mtaani si mbaya zenyewe. Swali ni maji yaliyoongezwa na barafu iliyotiwa. Muuzaji asiyeweza kukuambia maji yake ametoa wapi amekwisha kukujibu.

Soda ya mililita 500 ina kama gramu 50 za sukari, vijiko 12 vya chai. Hicho ndicho kikomo cha juu cha siku nzima kwa mtu mzima wa kawaida, na kiwango kinachopendekezwa zaidi ni nusu yake. Chupa moja Jumamosi haina neno. Chupa kila siku kwa sababu maji ya chumbani yameisha ni tatizo la jeriken, si la tamaa.

Usiku wa kusoma

Watu wa miaka 18 hadi 25 wanahitaji usingizi wa saa 7 hadi 9. Mwenye kipindi saa mbili asubuhi huamka saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo mwisho wake wa kulala ni saa tano na nusu usiku. Sasa angalia hesabu hii: kutoka kumi na mbili na nusu asubuhi hadi tano na nusu usiku ni saa 17. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya makosa na kuchelewa kuitikia sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Anayefungua kitabu saa sita usiku anasoma katika hali hiyo. Zaidi ya hapo, kumbukumbu ya uliyojifunza mchana huimarishwa ukiwa usingizini. Anayekesha anakusanya maji kwenye chombo kisicho na kitako.

Kinywaji cha kuongeza nguvu kinazidisha shida. Vingi vina karibu miligramu 30 za kafeini kwa kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 500 ina kama 150. Kafeini hupungua kwa nusu kila baada ya saa tano hivi. Ukiinywa saa nne usiku, saa tisa usiku bado una miligramu 75 mwilini, sawa na kunywa kikombe cha kahawa kisha kuzima taa. Utalala, lakini usingizi utakuwa mwepesi, utaamka mchovu, na utanunua chupa nyingine. Mduara unaanzia hapo. Mwisho wa kafeini uwe saa tisa alasiri. Anayesinzia jioni alale dakika 20 kwa kengele ya simu. Akizidisha nusu saa ataamka mzito kuliko alivyolala.

Chumba cha watu wawili au watatu kinahitaji mapatano, na mapatano yafanyike wiki ya kwanza kabla ya ugomvi. Yaandikwe na kubandikwa nyuma ya mlango: saa ya kuzima balbu kubwa, anayeendelea kusoma atumie taa ya mezani au ya kichwani, simu kwa visikilizio, wageni mwisho saa fulani. Mwenzako akikataa kuandika, umekwisha kujua muhula utakavyokuwa, na hamisho la chumba ni rahisi wiki ya kwanza kuliko ya kumi.

Mwili unaotembea

Kiwango ni dakika 150 za mwendo wa kasi kwa wiki, pamoja na siku mbili za kukaza misuli. Wanafunzi husikia hivyo wakafikiria jimu na malipo yake. Anayekaa mwendo wa dakika 15 kutoka darasani, akienda na kurudi kwa miguu siku tano, ametimiza 150 bila kuvaa raba, na kilima cha Makerere kinampa jasho la ziada. Pesa ya boda ya asubuhi inanunua matunda ya siku.

Kwa misuli, jeriken ya lita 10 iliyojaa ina kilo 10. Ishikwe kwa mikono miwili kifuani, uchuchumae na kusimama mara 12, pumzika dakika moja, rudia mara tatu. Kisha piga pushapu kadiri unavyoweza. Dakika 20 zimeisha. Na kuna sababu ya kujua mazoezi ya chumbani: mihula yote miwili huangukia kwenye mvua, za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Kila kikundi cha kukimbia asubuhi kinachoanzishwa Februari hufa na mvua ya kwanza kubwa kwa sababu hakikupanga siku ya mvua ifanywe nini.

Pombe, kwa gramu

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Ini husafisha kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, haliharakishwi na kahawa, supu wala maji baridi. Serikali ilipiga marufuku waragi (pombe kali) wa vifuko mwaka 2019, ikaruhusu chupa kuanzia mililita 200. Nia ilikuwa njema na vifuko vilipungua, lakini chupa hiyo ya asilimia 40 ina gramu 63, zaidi ya bia tatu, na anayeinunua peke yake huona uchungu kuibakiza. Aliyeimaliza saa sita usiku anaweza kuwa bado na pombe mwilini saa mbili asubuhi. Kuchanganya na kinywaji cha nguvu ni kujidanganya: kafeini huondoa usingizi, ulevi unabaki palepale.

Waragi usiojulikana umetoka wapi ni suala jingine. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa Kabale kwa waragi uliochanganywa methanoli. Mtu akinywa kisha akaanza kuona ukungu machoni au kutapika kupita kawaida, apelekwe hospitali usiku huohuo, asiachwe "alale iishe". Aliyelewa sana alazwe ubavu, si chali, na mtu akae naye.

Shisha na sigara za elektroniki zimepigwa marufuku na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015. Hayo yanatosha hapo.

Saa 72, siku 28, vidonge 24

Kuna namba ambazo mwanafunzi anapaswa kuzijua kama anavyojua namba yake ya usajili. Aliyekutana na mtu bila kinga, au kondomu ikapasuka, au kabakwa, ana saa 72 za kuanza dawa za PEP za kuzuia VVU, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dozi ni siku 28 bila kuruka. Hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali na vituo vingi vya afya. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba nacho humezwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, lakini hakizuii VVU hata kidogo. Wengi hukimbilia kidonge na kusahau PEP, kwa sababu mimba inaonekana na virusi havionekani.

Malaria ina vidonge 24. Dozi ya Coartem kwa mtu mwenye kilo 35 na zaidi ni vidonge vinne mara sita: vinne vya kwanza mara moja, vinne vya pili baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maana bila mafuta dawa haifyonzwi sawasawa. Homa hushuka siku ya pili na hapo ndipo wengi huacha, vidonge vinane vikabaki kwa ajili ya rafiki. Pima kwanza, maana si kila homa ni malaria. Wanaotoka sehemu za baridi kama Kabale au Nairobi na kwenda kusoma Gulu au Busitema wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa miili yao haijazoea vimelea. Chandarua kipya kianikwe kivulini siku moja, na kwenye kitanda cha ghorofa kifungwe kwa kamba nne za pembeni badala ya ndoano moja, kisha kichomekwe chini ya godoro.

Kuhusu moyo ulioelemewa, kipimo ni wiki mbili. Huzuni, kukosa usingizi, kuacha kula au kujitenga kukizidi wiki mbili mfululizo ni suala la mshauri wa chuo, na vyuo vikubwa vina ofisi hiyo. Anayezungumzia kujiua hasubirishwi hata siku moja. Apelekwe hospitali, na mtu asimwache peke yake.

Kuhimiza ni kupanga

Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2010 kwamba tabia mpya ilichukua kwa kawaida siku 66 kuwa mazoea, kati ya 18 na 254. Muhula una siku 119. Aliyeanza wiki ya kwanza anafika wiki ya kumi na tabia imeshika. Aliyeanza wiki ya nane anakutana na mitihani katikati. Likizo nayo huvunja, kwa sababu mazoea hushikamana na mahali na saa, na nyumbani ni mahali pengine. Kwa hiyo wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya ina thamani kuliko wiki ya afya inayofanywa Machi au Oktoba.

Tabia iwe moja, na ifungwe kwenye kitu kinachofanyika tayari: nikichomeka simu usiku, najaza jeriken; nikitoka kipindi cha mwisho, natembea. Anayeanza na tano kwa pamoja huacha zote.

Upande wa chuo na serikali ya wanafunzi, yapo ya kufanya yasiyohitaji mfadhili. Bomba la maji salama katika kila jengo la madarasa. Nusu saa tupu ya mchana katika ratiba, maana kipindi cha saa nne hadi saa nane kinamaliza chakula cha mchana cha darasa zima. Makubaliano na wauzaji wa getini: eneo zuri la biashara kwa anayeuza matunda yaliyooshwa na mboga kwa bei isiyozidi ya chapati. Wanafunzi wawili wa kila ghorofa wafunzwe namba zile za saa 72 na siku 28, na majina yao yabandikwe ukutani, kwa kuwa saa saba usiku hakuna anayekwenda kugonga ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Mwisho wa muhula wasihesabu waliohudhuria semina. Wahesabu lita za maji zilizochotwa, sahani za mboga zilizouzwa getini, na waliofika zahanati ya chuo kutafuta PEP kabla ya saa 72 kupita.